Zawadi, Sumu na Ndoa: Umbo “gift” katika Lugha za Kigermaniki

Herufi nne, g, i, f na t, zikipangwa kwa utaratibu huo, huunda neno kamili katika lugha sita za Ulaya ya Kaskazini na Magharibi, na lugha hizo hazikubaliani kuhusu maana yake. Mwingereza akiandika “gift” hukusudia zawadi au kipawa. Mjerumani hukusudia sumu. Mholanzi hukusudia hiba au mchango, ingawa kivumishi chake “giftig” humaanisha kitu chenye sumu. Nao Mdenishi, Mnorwe na Mswidi wana maneno mawili yanayoandikwa sawasawa, la kwanza nomino yenye maana ya sumu, la pili kivumishi kinachomweleza mtu aliye katika ndoa. Wafasiri na walimu wa lugha huyataja maneno ya namna hii kwa istilahi waliyoieneza Maxime Koessler na Jules Derocquigny katika kitabu chao cha mwaka 1928, yaani “marafiki wa uongo”: maneno yanayofanana kwa sura kutoka lugha hadi lugha, lakini yanampotosha anayedhani kuwa sura moja ina maana moja.

Istilahi hiyo inamfaa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, ila haimfai anayetaka kuelewa, kwa sababu inamfanya aone uongo mahali palipo na undugu. “Gift” ya Kiingereza na “Gift” ya Kijerumani hazikukutana kwa sadfa. Ni matawi ya shina moja, na wala hakuna tawi linalolikana shina. Nomino hiyo tangu mwanzo ilitaja tendo la kutoa, bila kutaja kitu kinachotolewa, wala mtoaji, wala mpokeaji. Nafasi hizo tatu ziliachwa wazi, na kila jamii ilizijaza kwa utoaji uliokuwa na uzito kwake: baba aliyemtoa binti yake, bwana harusi aliyetoa mali, tabibu aliyetoa dawa, mwenyeji aliyemimina kinywaji.

Ushahidi uanzie kwenye umbo lenyewe. Lugha za Kigermaniki, yaani ukoo unaokusanya Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, lugha za Skandinavia na Kigoti kilichokwisha kufa, zinatokana na lugha mama ambayo haikuandikwa, ila wanaisimu wameijenga upya kwa kulinganisha mabinti zake. Katika lugha hiyo kitenzi cha kutoa kilikuwa na shina “geb-”, na kiambishi tamati chenye sauti t kilitumika kuunda nomino za vitenzi. Sauti b ilipogusana na t iligeuka f, na ndiyo maana Kiingereza kina “give” na “gift”, “drive” na “drift”, “thrive” na “thrift”, huku Kijerumani kikiwa na “schreiben”, kuandika, na “Schrift”, maandishi, au “graben”, kuchimba, na “Gruft”, kaburi la ndani. Kiswahili kinafanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa viambishi vyake: kutokana na kitenzi “-pa” hupatikana “kipawa”, kitu ambacho mtu amepewa, na si ajabu kwamba “kipawa” na “gift” ya Kiingereza yote mawili yamefika kwenye maana ya uwezo wa kuzaliwa nao, kwa kuwa uwezo huo hufikiriwa kuwa umetolewa na mkono usioonekana.

Kiholanzi kilipaswa kulipoteza umbo hilo. Sheria ya sauti katika lugha hiyo iligeuza “ft” kuwa “cht”, hata “Kraft” ya Kijerumani, nguvu, ikawa “kracht”, na “Luft”, hewa, ikawa “lucht”. Kwamba “gift” ilibaki na f yake kunaelezwa kwa ukaribu wa kitenzi “geven”, kutoa, kilichowakumbusha wasemaji kila siku kwamba neno hilo ni mtoto wa utoaji.

Nyuma zaidi ya Kigermaniki, katika lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, ukoo mkubwa ambao Kigermaniki ni tawi lake, mambo hayana uhakika wa kiwango hicho, lakini jambo moja linastahili kutajwa. Wanaisimu wengi huunganisha shina la “give” na kitenzi cha Kilatini “habere”, kuwa na kitu, na cha Kiayalandi cha Kale “gaibid”, hushika au huchukua. Msomaji wa kawaida angedhani kwamba “habere” ni ndugu wa “have” ya Kiingereza, maana yote mawili humaanisha kuwa na kitu na yanafanana kwa sauti. Kumbe “have” inatoka kwenye mzizi mwingine, ule uliozaa “capere” ya Kilatini, kukamata. Ikiwa uhusiano huo ni wa kweli, basi mzizi mmoja ulizaa kutoa upande mmoja, na kushika na kuwa nacho upande mwingine. Mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste alionyesha jambo linalofanana na hilo katika mzizi mwingine wa Kihindi-Kiulaya, “dō-”, ambao katika lugha nyingi humaanisha kutoa lakini katika Kihiti, lugha ya kale ya ukoo huo, humaanisha kuchukua, na akashauri kwamba mzizi huo ulitaja kitu kupita kutoka mkono hadi mkono, huku muktadha ukiamua mwelekeo.

Katika maandishi ya kale kabisa ya Kigermaniki, utoaji unaotajwa kwa nomino hii mara nyingi ni wa ndoa. Askofu Wulfila, aliyetafsiri Biblia kwa Kigoti katika karne ya 4, alihitaji neno la kueleza hali ya Mariamu katika sura ya kwanza ya Luka, binti aliyeposwa na Yusufu, na neno alilolichagua ni “fragifts”, lenye kiambishi “fra-” mbele ya nomino ileile inayochunguzwa hapa. Kwa Wagoti, basi, posa ilikuwa ni utoaji, na hapakuwa na haja ya kuongeza kwamba anayetolewa ni binti.

Waingereza wa kale nao walikuwa hivyo hivyo. Katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyosemwa Uingereza kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, “gift” au “gyft” haikuwa zawadi ya aina yoyote ile. Ilikuwa mali inayotolewa kwa ajili ya mke, na katika wingi ilimaanisha harusi yenyewe. Sheria za Ine, mfalme wa Wessex, zilizotungwa mwishoni mwa karne ya 7 na kuhifadhiwa pamoja na sheria za Mfalme Alfred, zina kifungu kinachohusu mwanamume aliyemnunua mke, na kitenzi kilichotumika ni hicho cha kununua, kisha “gyft” isifanyike: mali aliyoitoa irudishwe, fidia ilipwe juu yake, na mdhamini wa mapatano naye alipwe kwa kuvunjiwa dhamana. Msomaji anayejua taratibu za mahari katika Afrika Mashariki, na mabishano yanayozuka posa inapovunjika baada ya ng’ombe au fedha kwisha kupokewa, hatahitaji maelezo marefu kuhusu kifungu hicho. Karne sita kabla ya Ine, Mrumi Tacitus, aliyeandika kitabu chake juu ya Wagermani mnamo mwaka 98, alishangaa kuona kwamba kwao mume ndiye anayempelekea mke mali, si mke kumpelekea mume kama ilivyokuwa desturi ya Roma, na akataja mali yenyewe: ng’ombe, farasi mwenye hatamu, ngao, mkuki na upanga.

Kijerumani cha leo kimehifadhi alama moja ya maana hiyo. “Mitgift” ni mali anayokwenda nayo bibi harusi kutoka nyumba ya wazazi wake, na kiambishi “mit-” humaanisha pamoja. Yaani ni kile kinachotolewa pamoja na binti. Mwelekeo wa mali umegeuka ukilinganishwa na “gyft” ya Ine, kwa kuwa hapa inatoka kwa baba kwenda kwenye nyumba mpya, lakini neno halikuona taabu, maana halikuwahi kutaja mwelekeo. Jambo la kuangaliwa ni jinsi ya kisarufi, ambayo ni mfano wa ngeli: Kijerumani hugawa nomino zake katika mafungu matatu, la kike, la kiume, na lisilo la kike wala la kiume. “Die Mitgift” ni ya fungu la kike, kama ilivyokuwa “Gift” ya kale yenye maana ya zawadi. “Das Gift”, sumu, imehamia fungu la tatu. Wasemaji walipozitenga maana mbili walizitenga pia kwa sarufi, wakaiacha ile ya zamani ijihifadhi ndani ya neno la ndoa, ambamo imebaki hadi leo.

Skandinavia ndiko maana ya ndoa ilikostawi zaidi. Kinorsi cha Kale, lugha ya Waviking na ya visa vya kale vya Iceland, kilikuwa na kitenzi “gipta” au “gifta”, ambacho tafsiri yake sahihi kwa Kiswahili ni kuoza: baba au ndugu wa kiume alimwoza binti. Kivumishi “gift” cha Kiswidi, Kidenishi na Kinorwe ni hali ya kutendwa ya kitenzi hicho. Kwa asili, basi, hakimaanishi mtu aliyefunga ndoa kwa hiari yake, bali aliyeozwa. Sheria Kuu ya Uswidi ya mwaka 1734, ambayo kitabu chake cha kwanza kiliitwa “Giftermålsbalken”, kitabu cha mambo ya ndoa, ilimtambua mtu aliyeitwa “giftoman”, mwenye haki ya kumwoza mwanamke, na ikaanza na baba. Kwa Mswahili huyu ni walii, kwa kazi kama si kwa dini. Sheria mpya ya ndoa ya mwaka 1920 ililishika jina lilelile la “Giftermålsbalken”, na ni ile ya mwaka 1987 iliyoliacha na kujiita “Äktenskapsbalken”, kutokana na neno jingine la ndoa lisilobeba wazo la kutoa mtu.

Hata hivyo kivumishi chenyewe hakikuachwa. Mwanamume wa Kiswidi leo husema yeye ni “gift” sawasawa na mke wake, na hakuna anayesikia ndani yake kwamba ameozwa na baba yake. Usawa huo ni wa baadaye. Katika Kinorsi cha Kale mwanamke alikuwa “gipt”, na mwanamume alikuwa “kvángaðr”, aliyejipatia mke, kutokana na “kván”, mke. Mgawanyo huo ni sawa na ule wa kuoa na kuolewa, ambao Kiswahili kimeushika mpaka sasa. Waiceland wanaojali usanifu wa lugha bado husema “kvænast” kwa mwanamume na “giftast” kwa mwanamke, ingawa wengi wao hutumia kitenzi cha pili kwa wote. Katika lugha hiyohiyo “gifta” kama nomino humaanisha bahati njema, kana kwamba bahati ni kitu mtu alichopewa, na sumu haimo kabisa katika ukoo huo wa maneno.

Kwa upande wa Kiingereza, neno linalosikika leo si mtoto wa moja kwa moja wa “gift” ya Ine. Katika Kiingereza cha Kale herufi g mbele ya i ilitamkwa kama y, hivyo neno lilisikika “yift”, na waandishi wa Kiingereza cha Kati, akiwemo Chaucer katika karne ya 14, waliandika “yift” kwa zawadi na “yive” kwa kutoa. Lau kama historia ingekwenda bila kukatizwa, Waingereza wa leo wangesema “yift”. Lakini tangu karne ya 9 Waviking walikuwa wamehamia Uingereza ya Kaskazini na Mashariki, wakaishi na kuoana na wenyeji, na kwao neno hilo lilikuwa na g ngumu na maana pana zaidi, zawadi na bahati. Umbo hilo la Kaskazini liliteremka polepole kuelekea London na kulisukuma umbo la wenyeji. Mwaka 1490 William Caxton, mchapishaji wa kwanza wa vitabu nchini Uingereza, alisimulia katika dibaji ya kitabu kimoja kwamba mfanyabiashara kutoka sehemu nyingine aliomba mayai kule Kent kwa neno “egges”, lenye asili ya Skandinavia, na mwenye nyumba hakumwelewa, kwa kuwa yeye aliyaita “eyren”. Katika ushindani wa namna hiyo ndipo “gift” ya Kinorsi iliposhinda, na kwa kushinda ikakiokoa Kiingereza na maana finyu ya mahari.

Tokeo lake ni la ajabu kweli. Waskandinavia waliwapa Waingereza g ngumu, kisha wao wenyewe, katika Kiswidi na Kinorwe, wakailainisha mbele ya i, hata Mswidi wa leo hutamka “gift” kama “yift”, kwa sauti ileile waliyoiacha Waingereza. Anayesafiri kutoka Stockholm kwenda London hukuta kwamba kila upande unatamka neno hilo kama ulivyolitamka upande wa pili miaka elfu moja iliyopita, huku maandishi yakificha yote hayo.

Kuhusu sumu, maelezo yanayokubaliwa na kamusi kubwa za asili ya maneno ya Kijerumani yanapita kwenye tiba. Kigiriki kilikuwa na nomino “dosis”, iliyotokana na kitenzi cha kutoa, na maana yake ya kwanza ilikuwa utoaji; matabibu wakaitumia kwa kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa kwa mara moja, na kwa maana hiyo ikaingia katika Kilatini cha zama za mwisho. Wasomi waliosema Kijerumani cha Kale cha Juu, lahaja za nyanda za kusini zilizoandikwa kati ya mwaka 750 na 1050 hivi, walipolikuta neno hilo hawakulichukua lilivyo, bali walilitafsiri kwa neno lao lenye muundo sawa, kitendo ambacho wanaisimu hukiita tafsiri mkopo: lugha hukopa wazo na kulivisha sauti zake. “Dosis” ni utoaji. “Gift” ni utoaji. Basi “gift” ikawa dozi. Kutoka dozi hadi sumu ni hatua fupi, kwa sababu dawa na sumu hutengana kwa kiasi tu, na kwa sababu watu huona vibaya kulitaja tendo la kuua kwa jina lake. Tafsida, yaani usemi wa kuficha ukali wa jambo, hupenda sana kitenzi cha kutoa. Hata katika Kiswahili husemwa kwamba marehemu “alipewa kitu”, na kila aliyepo msibani huelewa kitu gani kinachosemwa.

Mtu mmoja aliyakutanisha maneno hayo mawili, “dosis” na “gift”, tena, yumkini bila kujua kwamba lilikuwa neno moja lililovaa nguo mbili. Paracelsus, tabibu aliyezaliwa Uswisi na aliyethubutu kuandika utabibu kwa Kijerumani badala ya Kilatini, alijitetea mwaka 1538 dhidi ya waliomlaumu kwa kuwapa wagonjwa madini yenye sumu, na hoja yake ilikuwa kwamba kila kitu kina sumu na ni kipimo peke yake kinachokifanya kisiwe sumu. Kwa sumu aliandika “gift”, na kwa kipimo akaandika “dosis”. Tafsiri na neno lililotafsiriwa vikasimama bega kwa bega ndani ya hoja moja, vikipingana. Na hoja hiyo imebaki kuwa msingi wa elimu ya sumu hadi leo.

Kitenzi nacho kiliathirika. “Vergeben” ya Kijerumani cha zama za kati, ambayo leo humaanisha kusamehe au kugawa nafasi na tuzo, iliweza pia kumaanisha kumpa mtu sumu; na “vergeven” ya Kiholanzi, kusamehe, ilikuwa na maana hiyohiyo ya pili, ambayo masalia yake yamo katika usemi wa kila siku: nyumba iliyojaa panya husemwa kuwa “vergeven” ya panya, yaani imesumishwa nao. Kiholanzi baadaye kilijaribu kuweka mpaka kwa kuiondolea sumu t yake, hata leo “gift” ni hiba na “gif” ni sumu, lakini mpaka huo haukufika kwenye kivumishi, na “giftig” imebaki na t ya hiba na maana ya sumu. Kijerumani hakikuweka mpaka. Kiliachia zawadi iende zake. Tangu hapo “Gift” imezaa maneno mengi, kutoka “Giftgas”, gesi ya sumu, neno lililopata uzito mpya baada ya jeshi la Ujerumani kufungulia klorini karibu na Ypres tarehe 22 Aprili 1915, hadi “Giftschrank”, kabati la sumu katika duka la dawa, ambalo wakutubi nao walilitumia kwa rafu za vitabu vilivyofungiwa wasomaji.

Sumu ya Skandinavia haikuzaliwa huko. Ilifika kwa meli, pamoja na wafanyabiashara wa Muungano wa Hansa, ushirika wa miji ya biashara ulioongozwa na Lübeck, ambao tangu karne ya 13 ulitawala biashara ya Bahari ya Baltiki na kuwa na makao yake Bergen na Visby. Wafanyabiashara hao walisema Kijerumani cha Chini, lahaja za nyanda tambarare za kaskazini, na waliwaachia Waswidi na Wadenishi maneno ya kawaida kabisa, kama vile “betala”, kulipa, na “bli”, kuwa. Sumu ilikuwa miongoni mwa bidhaa hizo za maneno. Kabla yake Waskandinavia walikuwa na neno lao, “eitr”, na Waiceland, waliokuwa mbali na njia hizo na walioshikilia lugha yao kwa makusudi, bado husema “eitur”. Kwingineko neno hilo limerudi nyuma, ila limejificha katika jina la buibui, “edderkop” kwa Kidenishi na “edderkopp” kwa Kinorwe, ambamo “edder” ni sumu ileile ya kale. Ndugu yake wa Kijerumani, “Eiter”, amekuwa usaha. Kwa hiyo mzaha unaosikika katika karamu za harusi za Kiskandinavia, kwamba kuoa na kusumishwa ni neno moja, unagusa ukweli nusu: mzizi ni mmoja, lakini ndoa ni ya nyumbani na sumu ililetwa na wageni, karne nyingi baada ya kutengana.

Wako walioona kwamba maelezo ya tiba hayatoshi. Mwaka 1924 Marcel Mauss, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliandika makala fupi yenye jina “Gift, Gift” katika kitabu cha kumtunukia Charles Andler, mtaalamu wa mambo ya Ujerumani, na mwaka uliofuata akatoa utafiti wake mashuhuri juu ya zawadi. Mauss alijua vizuri hoja ya “dosis”, lakini aliona vigumu kuamini kwamba neno la kisomi la waganga lingeshuka hadi kuwa jina la kawaida la sumu midomoni mwa watu wote, na akauliza kwa nini wasomi walilichagua neno hilo hasa. Jibu lake lilikuwa la kijamii. Zawadi ya kawaida miongoni mwa Wagermani wa kale, alisema, ilikuwa kinywaji kinachomiminwa katika karamu, na anayepokea kikombe hana hakika ya kilichomo. Zaidi ya hayo, zawadi yoyote humfunga mpokeaji, humdai malipo, na kumletea madhara asipolipa. Utamu na hatari vilikuwa ndani ya kitu kimoja.

Hoja ya kinywaji ina nguvu kuliko inavyoonekana kwanza, na lugha zenyewe zinaiunga mkono kwa namna ambayo inafaa kukaa nayo kidogo. Neno la kawaida la zawadi katika Kijerumani cha leo ni “Geschenk”, kutokana na “schenken”, ambacho maana yake ya asili ni kumimina kinywaji. Kitenzi hichohicho, kwa maana ya kutoa zawadi, kimo katika Kiholanzi na katika Kiswidi. Neno la Kifaransa la sumu, ambalo Kiingereza kililichukua, ni “poison”, na limetoka kwenye Kilatini “potio”, kinywaji, kilichozaa pia “potion”, dawa ya kunywa. Kwa hiyo katika Ulaya ya Magharibi kilichomiminwa kimekuwa zawadi kwa Wajerumani na kinywaji kimekuwa sumu kwa Wafaransa, wakati kilichotolewa kimekuwa sumu kwa Wajerumani na zawadi kwa Waingereza. Kilatini “venenum”, mama wa “veneno” ya Kihispania na “veleno” ya Kiitalia, huunganishwa na jina la Venus, mungu wa kike wa mapenzi, na kuaminiwa kuwa kilianza kama jina la dawa ya kumfanya mtu apendwe, ambayo Waswahili huiita limbwata. Na “pharmakon” ya Kigiriki ilikuwa dawa, sumu na uchawi kwa pamoja. Mengi ya maneno hayo hayakuanza kwa kueleza tabia ya kitu chenyewe. Yanaeleza jinsi kinavyomfikia mtu: anapewa, anamiminiwa, anakinywa, kwa mkono wa mwingine.

Mauss, basi, aliona sawasawa jambo ambalo wataalamu wa sauti na mizizi hawakulitilia maanani, kwamba tafsiri ya “dosis” isingekubalika kama watu hawakuwa tayari kusikia hatari ndani ya neno la kutoa. Alipokosea ni katika kudhani kwamba neno la kisomi haliwezi kushuka.  Kiswahili kina ushahidi wa kushuka huko. “Dosis” ya matabibu wa Kigiriki ilipitia Kilatini, Kifaransa na Kiingereza hadi kufika zahanati za Afrika Mashariki kama “dozi”, neno ambalo kila mama anayempeleka mtoto kwenye matibabu ya malaria analijua. Na halikubaki zahanati, kwa sababu kurasa za michezo za magazeti ya Dar es Salaam huandika kwamba timu imetoa dozi inapoifunga nyingine mabao mengi. Mtoaji, mpokeaji na kitu kinachotolewa vimebadilika tena, na safari hii pia kinachopokewa ni machungu.